Kaburi la Mguu wa Ami

Usiku ule sikulala kwa ajili ya mguu uliokatwa zamani, mimi nikiwa bado mtoto mdogo. Haukuwa mguu wangu wala wa baba yangu. Ulikuwa wa rafiki yake, mtu wa Majoreni niliyemwita ami tangu nilipojua kusema. Ulikatwa ng'ambo, katika hospitali ya jeshi huko Bara Hindi iliyokuwa ikipokea majeruhi wa vita vya Waingereza na Wajapani kule Bama, na maisha yangu yote nilijua kwamba ulizikwa hukohuko kwa heshima zake. Jioni ile nilikuwa nimeambiwa kwamba haukuzikwa. Na ami alikuwa amelazwa katika hospitali ya huku kwetu, akingojea kukatwa wa pili.

Nimwambie, au ninyamaze? Nikimwambia, atakataa kukatwa, na donda litamuua. Nikinyamaza, ataingia chumba cha upasuaji akiwa ameshika jambo ambalo mimi najua ni uongo. Nilijigeuza upande mmoja wa kitanda nikapata jibu, nikajigeuza upande wa pili likanitoka.

Mimi ni mtu wa kufikiri jambo mpaka linachacha. Chuoni Kampala wenzangu walinicheka, wakisema nikiulizwa saa nitataka kwanza kujua muulizaji anataka kwenda wapi na kwa nini. Nilikuwa nimerudi Msambweni na shahada yangu, nikingojea kuanza kazi katika ofisi ya serikali kule Kwale. Bendera mpya ilikuwa haijapandishwa, lakini ilikwisha kushonwa, na kila aliyepita mlangoni kwetu alinipongeza kana kwamba niliishona mimi.

Baba hakupongezwa. Vita vile alivipigana kwa beseni na bendeji. Alikuwa dresa katika hospitali ile ya Bara Hindi, mmoja wa Waafrika waliofundishwa kuosha vidonda, kuchoma sindano na kuwashika wagonjwa dawa ya usingizi ilipowaishia kabla ya kisu kumaliza. Aliwazungumzia madaktari na wauguzi wa kule kama watu wanavyowazungumzia jamaa zao. Daktari mkuu, aliyekuwa akipiga mluzi anapokata. Daktari kijana mwenye kigugumizi, aliyekuwa akitoka nje ya hema kutapika, kisha anarudi kazini bila kusema neno. Na sista mmoja mrefu, muuguzi wa Kizungu, ambaye baba alimtaja kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anavyomtaja mwalimu wake wa chuoni, yule aliyemfundisha Kurani.

Baba aliporudi kutoka vitani, akaenda kuomba kazi hospitali. Wakamwambia kazi za jeshini ni za jeshini, na kwamba kama anataka, kuna ufagio. Baba akakataa ufagio. Miaka michache baadaye sista yule yule, baada ya kustaafu, akaja kujenga nyumba ndogo Diani, karibu na ufuo, na akamtafuta. Akamwajiri. Tangu hapo mtu aliyefunga vidonda vya vita kwa mikono yake akawa anapika supu, anapiga pasi mashuka na kuitwa boi mbele ya wageni. Nilisoma kwa kazi hiyo, basi sina haki ya kuitukana. Lakini sijawahi kuimeza vizuri.

Ami alikuwa akija kwetu kila Idd. Alishuka kwenye lori la samaki akiwa na magongo yake na kanzu iliyopigwa pasi, mguu mmoja wa kiatu ukiwa umeng'arishwa kuliko viatu vya watu wote wenye miwili. Mama humwambia kila mara, "Karibu shemeji, keti upumzishe miguu." Naye hujibu kila mara, "Miguu ipi, shemeji? Mmoja umekwisha kupumzika. Muulize mumeo, ndiye aliyeulaza." Tunacheka sote. Baba alikuwa akicheka kuliko wengine, na akicheka huinamia sahani yake.

Kisha ami husimulia, nasi tunamsikiliza kana kwamba hatujapata kusikia. Alizinduka akapapasa shuka kwa mkono, akakuta patupu. Akapiga kelele. Akaja baba, akamwambia kwa Kidigo, "Tulia, nimeuzika." Alipopata nguvu kidogo, baba na mwenziwe walimbeba kwa machela mpaka kwenye mteremko nyuma ya wodi. Kulikuwa na makaburi madogo madogo, yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, ya Waislamu yameelekea kibla na ya Wakristo yana misalaba ya mbao. Baba akamwonyesha lake. Ami akasoma Fatiha, akalia, akarudishwa, na siku ile akala chakula kwa mara ya kwanza.

"Yule sista naye alisimama pale," husema, "kajitanda kitambaa kichwani kama mtoto wa Kiislamu. Wallahi, Wazungu wengine hawana adabu, lakini yule anayo. Nani mwingine katika mji huu ana kaburi ulaya na yeye yuko hai?"

"Si ulaya, ni Bara Hindi," baba humsahihisha.

"Kote ni mbali. Na mguu hausomi ramani."

Mwaka huu jiwe la pwani lilimkata unyayo uliobaki. Hakujali. Kidonda kikawa donda ndugu, na daktari wa hospitali akasema mguu ukatwe chini ya goti au wachimbe kaburi la mtu mzima. Ami akakataa. Jamaa zake wakamsihi, imamu wa kwao akaja kumsihi, akakataa. Mwishowe akamwita baba na kusema mbele yangu:

"Nitakubali kwa sharti moja. Wewe uuzike kama ulivyouzika mwenzake. Najua hapa wanachoma. Mimi si takataka nichomwe jaani na pamba chafu."

"Inshallah," baba alisema.

"Usiniambie inshallah kama mwenye duka anayekataa kukopesha. Sema nitauzika."

"Nitauzika."

Nilimwona baba akifuta viganja vyake kwenye kanzu. Nikadhani ni joto.

Siku moja kabla ya upasuaji, sista aliniita chai. Alikuwa amefunga masanduku, anarudi kwao kabla ya Uhuru, na alitaka kunipongeza kabla hajaondoka. Nilikaa kwenye baraza yake Diani, nimevaa suruali yangu ya mahafali. Aliyekuja na sinia ya chai alikuwa baba.

Nilijua atakuwa yeye. Njia nzima nilikuwa nikifikiri nitafanyaje: nikisimama nimpokee sinia, nitamwaibisha kazini; nikikaa, nitakuwa mwana anayeandaliwa na babake kama bwana. Nilikuwa bado sijaamua, na kikombe kikawa kimekwisha kuwekwa mbele yangu. Baba akasema taratibu, "Karibu sukari," akaondoka.

Sista alizungumza nami Kiingereza, kwa kuwa nimesoma. Kwa baba alisema Kiswahili kile cha jeshini, kisichokuwa na mbele wala nyuma. Akaniuliza habari za rafiki ya baba, yule wa Majoreni, alimkumbuka vizuri. Nami, kwa kutafuta la kusema tu, nikamweleza lile sharti la kuzikwa mguu.

Akatabasamu. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

"Maskini. Bado anaamini," alisema.

Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo la zamani lililofanyika vizuri. Mwanzoni walizika kweli, kwa sababu askari Waafrika waliomba. Lakini udongo ulikuwa wa mteremko, mvua za kule hazina mwisho, na mbweha walikuwa wakifukua. Asubuhi moja mbweha alipita mbele ya wodi na mkono wa mtu mdomoni, na wagonjwa wakamwona. Daktari mkuu akaamuru kila kinachokatwa kichomwe tanuruni. Habari zikafika wodini. Wakaanza kukataa kisu. Mmoja alitoroka na mkono wake uliooza, wakamkuta kichakani amekufa.

"Ndipo nikapata wazo," alisema. "Tuliendelea kuchoma. Lakini tukatengeneza makaburi. Kila aliyekatwa alipata lake, tukampeleka akalione. Ungewaona! Walitulia, walikula, walipona. Daktari mkuu mwenyewe alinipa mkono wa pongezi."

"Ndani ya makaburi mlikuwa na nini?" niliuliza.

Akamgeukia baba, aliyekuwa amerudi na maji ya moto. "Boi, wewe kumbuka ile mgomba?"

Baba alisimama na birika mkononi. Hakunitazama.

"Nakumbuka, mama."

"Baba yako alikuwa akikata shina la mgomba la urefu ule ule, akalifunga bendeji," alinieleza mimi. "Mgonjwa mwingine akiwa anachungulia, anaona kitu kinashushwa. Baba yako hakuwahi kukosea. Na hakuwahi kusema." Akanimiminia chai. "Wewe umesoma, utaelewa. Kuna mambo mgonjwa haambiwi, kwa faida yake mwenyewe."

Nilisema, "Naelewa." Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu niliulizwa kwa upole, na kwa Kiingereza.

Baba alifika nyumbani baada yangu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akanikuta nimekaa uani.

"Usinitazame hivyo," akasema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nasema usinitazame."

Akachota maji mtungini, akanawa uso, akakaa kwenye kibao cha mbuzi cha mama cha kukunia nazi, kama mtu aliyechoka kuchagua kiti.

"Wale watu wakizinduka hawamwulizi daktari," alisema. "Wananiuliza mimi. Mimi ndiye mwenye lugha yao. Mtu ana nusu ya mwili, macho yamemtoka, anakushika mkono anakuuliza, uko wapi? Wewe na Kampala yako ungemwambia nini? Nimeutia motoni?"

"Baada ya vita je? Ungemwambia baada ya vita."

"Lini? Melini, anapowaringia wenzake kwamba ana kaburi? Siku ya Idd, na pilau mbele yake?" Alijipangusa maji usoni. "Kila akicheka neno lile la kupumzisha miguu, mimi nasikia harufu ya tanuru. Usinifundishe."

"Na huu wa sasa?"

"Huu nitauzika. Nitauosha, nitaufunga kitambaa kipya, nitauzika kwa mikono hii. Basi. Ule utakuwa umelipwa na huu." Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, nakuomba. Usiniharibie."

Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu. Aliniamuru, alinikataza, alinisomesha; kuniomba, hapana.

Kwa hiyo sikulala. Nilijiambia: ami atakatwa, mguu utazikwa kweli, baba atapumua, na sista atapanda meli yake. Nani ataumia? Nikahesabu watu na sikumpata hata mmoja. Hesabu ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa ile ile hesabu ya sista: walitulia, walikula, walipona. Na ami hakukubali kisu kwa ajili ya mguu huu tu. Alikubali kwa ajili ya ule wa kwanza, kwa sababu alisoma Fatiha juu yake. Niliona ofisi yangu ya Kwale, meza, kiti, na watu wamekaa kwenye benchi wakingoja niwaambie la faida yao. Kila mmoja nitamtengenezea kifusi chake na mawe ya chokaa, kwa upole, na nitapewa mkono. Nilikwisha kuanza. Nilikwisha kusema naelewa.

Kisha nikafikiri kinyume chake: pengine ninachotaka ni kujiona mimi ni mtu safi, na gharama atalipa ami kwa roho yake na baba kwa rafiki yake. Hilo nalo lilikuwa kweli. Kulipopambazuka sikuwa na jibu lililokamilika. Nilijua tu kwamba mwenye mguu ni ami.

Tulikwenda hospitali pamoja. Njiani baba hakuniuliza, nami sikumwambia. Nadhani alijua, maana alitembea nyuma yangu.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, bwana wa Kwale. Umekuja kuniaga au kuniapisha?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya utangulizi. Yote yalinipotea. Nikamwambia: "Ami, mguu wako wa kwanza haukuzikwa. Ulichomwa. Kaburi lile lilikuwa na mgomba."

Alinitazama mimi, kisha akamtazama baba. Alingoja baba acheke. Baba hakucheka.

"Makaburi yote yale?" aliuliza.

"Yote," baba alisema. "Ilikuwa amri. Mungu atakusanya hata majivu, ndugu yangu, masheikh wenyewe wanasema—"

"Mungu namjua," ami alisema. "Wewe ndiye nilikuwa sikujui."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna mkate.

"Ulinibeba wewe," ami aliendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nikasoma, ukaitikia Amin. Nimeusomea mgomba. Na yule mwanamke na kitambaa chake kichwani!" Akacheka, na mgonjwa wa jirani, asiyejua chochote, akacheka naye, kisha akaona haya akaacha. "Toka, ndugu yangu. Naona vibaya kukutazama."

Baba alitoka. Nilimsikia akigonga kitu mlangoni, ndoo nadhani, akaomba radhi kwa ndoo.

Ami alifumba macho kwa muda mrefu. Nilidhani ndiyo basi, nimemwua. Nikaanza kusema samahani.

"Nyamaza, nafikiri," akasema. "Si wewe peke yako unayejua kufikiri."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Uliniambia kwa nini?"

"Kwa sababu ni wako."

Aliguna. "Umechelewa, lakini wewe ulikuwa bado unanyonya." Akafumbua macho. "Wakate. Nataka kuishi. Lakini utauzika wewe. Yeye asiuguse. Uzike hapa hapa Msambweni, makaburini. Nikitoka nitapitishwa niuone, na nitafukua. Nitakuta nini?"

"Mguu, ami."

"Wa nani?"

"Wako."

"Nikikuta mgomba nitakufuata mpaka ofisini kwako Kwale. Sitakuwa na miguu, nitakuja kwa tumbo kama nyoka."

Nilikwenda kwa daktari, kijana Mhindi aliyekuwa na wino kwenye vidole kama mwanafunzi. Nikipita korido nilipanga hoja zangu: dini, heshima ya marehemu na ya aliye hai, haki za raia katika nchi mpya. Nilikuwa tayari kupigana. Nikamwambia tunauomba mguu.

"Mnauchukua wenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi njoo mlango wa nyuma alasiri. Lete kitambaa safi." Akarudi kwenye kazi yake. Aliponiona bado nimesimama, akaongeza, "Hakuna aliyewahi kuniomba."

Hoja zangu zikabaki mdomoni. Ilikuwa neno moja la kuomba. Vita vizima, mashina yote yale ya migomba, na hapa mtu alisema lete kitambaa.

Ami alikatwa, akarudishwa kitandani akiwa hai, anakoroma. Alasiri nilipewa furushi mlango wa nyuma. Mama alikuwa amenipa kipande cha bafta kipya. Imamu aliniambia kiungo cha aliye hai hakiswaliwi. Kinaoshwa, kinafungwa, kinafukiwa. Nilitembea na furushi mpaka makaburini, limenilemea kuliko nilivyodhani.

Baba alikuwa nje ya ua wa makaburi. Alikuwa ameleta ndoo ya maji na jembe, akaviweka njiani, akasogea nyuma, kando ya mkokoteni wa mtu aliyekuwa akiuza kuni. Sikumwita. Hakuingia. Tulitazamana kidogo, akageuza uso upande wa barabara, akabaki amesimama hapo hapo.

Nilichagua mahali karibu na ukuta. Mikono yangu ya kalamu ilifanya malengelenge kabla shimo halijafika gotini. Kila nilipopumzika nilimwona baba vile vile, mgongo wake kwangu, mikono yake nyuma kama askari. Yeye angelichimba kwa muda mfupi. Alijua urefu, alijua upana. Sikumwita.

Shimo lilipotosha, nilipiga magoti, nikalifungua furushi lote, nikautazama. Vidole, kisigino, unyayo uliokatwa na jiwe. Niliuosha. Nikautazama tena, ili nikiulizwa niweze kusema nimeuona. Kisha nikaufunga, nikaushusha upande wa kibla, nikaanza kurudisha mchanga.